Mvua ikianza kunyesha Tabata, watu wanaamka kutupa taka

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, na sitaki kusubiri zipoe.

Usiku wa kuamkia Ijumaa mvua ilianza saa nane. Wanaoishi kwenye mteremko wanajua: masika ikipiga bati namna ile hulali, unausikilizia mtaro. Nikatoka na tochi ya simu kuangalia mtaro unaopita nyuma ya nyumba, na huko juu nikasikia milango inafunguliwa. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Nikadhani wenzangu nao wanatoka kuangalia maji.

Walikuwa wanatoka na viroba. Mtu anafika ukingoni, anainamisha kiroba, anakikung'uta, kisha na chenyewe anakiachia kiende na maji. Anarudi ndani kulala. Yaani wiki nzima amezirundika taka nyuma ya mlango akiisubiri mvua.

Msiniambie hamjui. Hapa Dar jambo hili lina miaka na kila mtaa wenye mtaro linafanyika. Gari la taka linadai elfu tatu kwa mwezi, mtaro haudai kitu. Na anayemwaga hujiambia maji yatapeleka mbali. Mbali wapi? Kwetu yanapeleka mita mia moja hivi, hadi kwenye kalavati la chini, na kalavati likishaziba maji yanageuza njia na kuingia kwa watu.

Saa kumi na nusu yakageuka. Kwangu yaliingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, nashukuru Mungu watoto walikuwa kitandani. Kwa jirani yangu wa chini, bibi mmoja anayepika vitumbua, yaliingia jikoni kote. Alikuwa ameloweka mchele jioni, ndoo nzima, asubuhi aupeleke kusagwa. Ndoo imepinduka na kujaa tope. Mkaa umelowa, sukari imekuwa uji mweusi. Nilimkuta amekaa juu ya kreti la soda, kanga ameikunja magotini, ameishika karai yake ya kuoshea mchele na hasemi neno. Nikamwambia, "Pole bibi." Akaitikia, "Nishapoa mwanangu." Mchele ule ndio mtaji wake, hana mwingine.

Kulipokucha tukaingia mtaroni watu saba na majembe. Nawaambia tulichotoa, ili mtu asije akasema mafuriko ni kazi ya Mungu. Pampasi, nyingi mno, zimefura maji zimekuwa nzito kama mawe. Chupa za maji, nusu lita kwa nusu lita. Vifuu vya madafu. Magunzi. Rasta za kichwani zilizofumuliwa, zimejisokota na vifungashio vya nailoni mpaka vikawa kama kamba, jembe linanasa. Godoro la mtoto. Pipa bovu. Ile kamba ya rasta na nailoni ndiyo iliyoziba kalavati, nimeikata kwa panga kwa karibu saa nzima.

Na ndani ya kiroba kimoja ambacho hakikupasuka, juu ya maganda ya ndizi, kulikuwa na daftari la shule. Hisabati. Limelowa kingo tu. Jina la mwanafunzi na darasa lake limeandikwa vizuri juu ya jalada, kwa kalamu ya bluu. Jina silitaji hapa, mtoto hana kosa. Lakini nyumba yao naijua, wapo nyumba ya tano kutoka kwangu kwenda juu, na mama yake nasalimiana naye kila asubuhi.

Nikalibeba daftari nikaenda kubisha hodi. Nilijiahidi njiani sitagomba. Nikampa, nikamwambia, "Mama fulani, hili limefika kwetu na maji." Akaliangalia, akalifungua kurasa mbili tatu, akanirudishia. "Ah, baba fulani, hilo limeshaisha. Litupe tu huko."

Huko wapi?

Nilisimama pale mlangoni sina jibu. Kwake yeye hakuna kitu kilichotokea. Kitu kikishatoka mkononi mwake kimekwenda "huko", na huko hakuna mtu anayeishi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yanafanyika Tabata. Vijana mnaopanda gari na kumwambia konda "Dampo, shusha", mnajua jina hilo limetoka wapi? Jalala la jiji zima lilikuwa hapa. Moshi usiku na mchana, inzi, harufu inayoingia kwenye chakula. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata wakachoka, wakaishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu. Na wakashinda! Jiji likawa linarudi kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, na Jaji Lugakingira akaikatalia kwa msingi wa Ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi, kwamba kumwagia watu taka na moshi ni kuhatarisha uhai wao. Kesi hiyo wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo. Dampo likaondoka, likaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, sasa lipo Pugu Kinyamwezi.

Wazee wetu walivaa suti zao za kuazima wakaenda mahakamani ili taka zitoke Tabata. Sisi watoto wao tunazirudisha usiku, kiroba kimoja kimoja, bila kulazimishwa na mtu.

Kisha kuna hili la kutumia na kutupa, ambalo ndilo linalovijaza hivyo viroba. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Zanzibar walishatangulia, Kenya walifanya 2017, Rwanda 2008. Kukutwa unautumia ni faini kuanzia shilingi 30,000 mpaka 200,000, au mpaka siku saba ndani. Miezi ya mwanzo mlikuwa mnaona wenyewe, mitaro ilipumua, mifuko ilipungua hata kwenye miti. Halafu vikaingia vile vifungashio vyeupe vya nailoni, vilivyoruhusiwa kwa kufungia karanga na ubuyu, vikageuzwa mifuko ya kubebea. Mwaka 2021 serikali ikasema navyo marufuku kubebea bidhaa. Nenda sokoni leo asubuhi. Nyanya za buku kwenye kifungashio chake, kitunguu kwenye chake, pilipili mbili kwenye chake, vyote vinaingia kwenye mfuko mbadala wa shilingi mia tano ambao nao ukifika nyumbani unatupwa, na kesho unanunuliwa mwingine. Mfuko ule umetengenezwa utumike miezi. Mama yangu alikuwa na kikapu kimoja cha ukili, mkono wake aliushona mara mbili kwa uzi wa kiatu, na nimemaliza shule ya msingi kikapu ni kilekile. Soda ulikuwa hupewi mpaka uache chupa au hela ya chupa. Mtoto akivunja chupa ya soda nyumba nzima inajua. Leo ni soda ya take away, dakika tatu imeisha, chupa dirishani.

Hapo dirishani ndipo Jumamosi nilipoharibu siku yangu. Nipo kwenye daladala natoka Buguruni. Mbele yangu kaka mmoja, shati limenyooshwa vizuri, kitambulisho cha kazi shingoni, amemaliza maji akaitupa chupa nje tukiwa tunatembea. Nikamgusa bega, nikamwambia taratibu, "Kaka, hiyo ikinyesha inakuja kwangu." Akanitazama kama nimemtukana. "Kwani barabara ya kwako?" Abiria wakacheka. Mwingine akadakia kuwa wapo wanaolipwa kufagia, tukiacha kutupa watakosa ajira. Wengi wakaitikia, kabisa, na ni watu wazima! Wale kina mama wanaofagia barabara ya Mandela alfajiri gizani, magari yanawapita jirani na mgongo, eti tunatupa ili kuwasaidia wao.

Najua mtakuja na hoja ya kwamba hakuna vyombo vya taka barabarani. Kweli havipo, na nailaumu serikali kwa hilo. Gari la taka nalo linaweza kukaa wiki mbili halijaonekana na hela limechukua. Na ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ya usafi, maduka yamefungwa mpaka saa nne, tunazoa tope la mtaroni tunalirundika palepale ukingoni, tunapiga picha, tunaondoka. Hakuna anayekuja kulibeba. Mvua ya kwanza limerudi ndani lote. Nimeyasema haya kwa mjumbe zaidi ya mara tatu. Lakini gari kuchelewa hakujamwamsha mtu saa nane usiku akamwage pampasi kwenye maji yanayokwenda kwa bibi wa vitumbua. Yule aliamka mwenyewe.

Na wanaosema ni taka tu, wakumbuke Desemba 2011. Jiji hili lilizika watu wapatao 40 kwa mafuriko, familia za Jangwani zikahamishiwa Mabwepande. Mitaro yetu yote ya huku inashuka Mto Msimbazi, na Msimbazi unapita Kigogo, Jangwani, mpaka daraja la Salenda. Kila ninachokiachia hapa kuna mtu chini yangu. Dengue ya 2014 na ya 2019 mmeisahau? Yule mbu wake anauma mchana na anazalia kwenye kifuu na kopo lenye maji kidogo tu, hahitaji bwawa.

Bibi tumemchangia. Kumi na moja kati ya nyumba za mtaa zimetoa, amepata mchele kilo ishirini na mkaa gunia moja, Jumatatu amewasha jiko. Mama mwenye daftari naye alitoa, elfu mbili, na alimletea mwenyewe akampa pole kwa moyo safi kabisa. Hajaunganisha.

Jumapili saa kumi kuna kikao kwa mwenyekiti wa mtaa. Nataka kupendekeza mambo mawili: nyumba zitakazoonekana kumwaga mtaroni zilipe faini, na zile fedha tukodi guta la kupitia taka kila Jumatano ili wasio na elfu tatu kwa mara moja walipe kidogo kidogo. Daftari nimelikausha juani, nitakwenda nalo, ila jalada nimeshalichana kwa ajili ya yule mtoto.

Waliofanikiwa kwenye mitaa yao, faini mliwatoza vipi majirani bila kugombana? Na guta mnalipa kiasi gani kwa siku? Nahitaji majibu kabla ya Jumapili.