UZI: Mliosoma au kuishi India, mambo ya kasti na rizavesheni mliyaonaje? Tupeane uzoefu

Habari za muda huu wakuu. Juzi kwenye grupu moja watu walikuwa wanabishana kuhusu viti maalum, mmoja akaitolea mfano India kwamba kule sehemu ya nafasi za vyuo na ajira za serikali inatengwa kwa kasti, yaani tabaka la ukoo unaozaliwa, ndo hiyo rizavesheni, wengine wakamwambia anaota. Haoti. Mie nimekaa Pune miaka minne nasoma famasi na hili jambo nimelala nalo chumba kimoja, kwa hiyo mliokaa Bangalore, Hyderabad, Chandigarh, Chennai na kwingine shukeni hapa na ya kwenu.

Naanza na yangu. Rumeti wangu alikuwa Mmarathi wa kijijini kabisa, Marathwada huko, kijana mpole anakula pilipili kama karanga. Mwezi wa kwanza tu jamaa wa korido akanivuta pembeni, eti "unajua huyo ni wa kota?" Mie nikadhani kota za kuishi, nikamjibu mbona tunakaa wote hosteli. Akacheka akanipa somo, kota ni hizo nafasi za kutengewa. Kwa hesabu za serikali kuu asilimia 15 ni za SC, yaani Madalit, wale ambao zamani walikuwa hawaguswi, 7.5 za ST ambao ni makabila ya milimani na misituni, 27 za OBC yaani matabaka mengine yaliyoachwa nyuma, na tangu 2019 wakaongeza 10 za maskini wa matabaka ya juu. Jumla 59.5, na majimbo nayo yana hesabu zake. Zinazobaki ndo wanaziita jenero, kila mtu anagombea. Basi nikameza mzima mzima, nikaanza kumuona rumeti kama mtu aliyeingilia dirishani. Nakiri.

Sasa semista ya kwanza haijaisha ofisi ikamwambia cheti chake cha kasti hakitoshi, alete "validity". Jimbo letu la Maharashtra wana kamati ya kuhakiki vyeti maana wapo watu wanaojifanya Dalit kupata nafasi, kwa hiyo kwa watu wa SC wanataka ushahidi kwamba ukoo wenu ulikuwa kasti hiyo na mlikuwa mnaishi jimbo hilo kabla ya Agosti 1950. Na karatasi wanayoiamini kuliko zote ni ya shule ya babu, kwa sababu zamani rejista za shule ziliandika na kasti humo humo. Hebu fikiria hapo. Babu yake hakukanyaga shule kwa sababu ya hiyo hiyo kasti, alikuwa anachunga ng'ombe wa mwenye shamba, leo mjukuu anaambiwa lete cheti cha shule cha babu ili tuamini kwamba babu yako alibaguliwa.

Alikuwa na faili la plastiki la bluu, karatasi zimekunjwa mpaka zinakatika kwenye mikunjo, fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Ijumaa jioni anapanda basi anakesha njiani, Jumatatu alfajiri huyo karudi macho mekundu, mikono mitupu. Safari ya tano ndo akapata. Babu mdogo, mdogo wake babu, aliwahi kusoma mpaka darasa la pili kabla hajatolewa, na rejista ilikuwepo ila imeandikwa Kiurdu maana mpaka 1948 Marathwada ilikuwa chini ya Nizam, mfalme wa Hyderabad aliyetumia Kiurdu serikalini. Ikabidi atafutwe mzee wa Kiislamu wa kutafsiri, na mhuri. Alinionesha ule mstari mmoja, jina, jina la baba, kasti, tarehe, na kwenye safu ya mwisho neno moja tu, kaacha. Tulikaa tunaiangalia ile karatasi kama picha ya harusi.

Tokea hapo sikuwahi tena kutamka la dirishani.

Karibuni.

——

Mkenya aliyekuwa Ahmedabad:
Yangu itawachekesha. Sisi Kenya ukisema Patel mtu anaona hardware, anaona godown, anaona tajiri. Sasa Agosti 2015 niko Ahmedabad nasikia kuna maandamano makubwa, naambiwa ni Mapatel. Nikauliza wanataka nini, wapunguziwe ushuru? Naambiwa aa, wanataka watambuliwe kuwa tabaka la nyuma! Bana nilicheka mpaka nikakaa chini. Aliyewaongoza alikuwa kijana wa miaka 22, Hardik Patel, uwanja ukajaa watu kila upande. Usiku wakamkamata, vurugu zikaanza, mabasi yakachomwa, jeshi likaitwa, intaneti ya simu ikakatwa, mimi niko ndani na mkate na maziwa siku tatu, mama anapiga simu kutoka Kisumu akidhani nimekufa.

Landlord wangu alikuwa Patel. Nikamuuliza mzee, na nyinyi mko na nini cha kulilia? Akaniambia Mapatel mnaowajua nyinyi ni wale waliopanda meli, waliobaki wamegawana mashamba mpaka yameisha, mtoto wake alikuwa na alama za juu na akakosa udaktari. Sikukubaliana naye yote lakini nilinyamaza. OBC hawakupewa, waliokuja kufaidika ni kwenye hiyo 10 ya maskini ya 2019.

——

Mdada wa Dharwad:
Jamani mimi yangu ya tofauti. Nilikuwa nasoma Dharwad, Karnataka. Kila nikipanda basi la kwenda upande wa Yellapur konda ananisemesha Kikannada, nikishangaa ananirudia kwa sauti kubwa kama vile mimi kiziwi. Kumbe ananiona Msiddi! Kwa msiowajua, Wasiddi ni watu weusi kama sisi, mababu zao walitolewa pwani ya Afrika Mashariki, wengine kupitia Goa kwa Wareno, karne na karne wako kule, wapo Karnataka, wapo Gujarat, na lugha za huko huko ndo lugha ya mama.

Rafiki yangu wa darasani akanipeleka kwao. Kijiji kiko msituni, nyumba za udongo, bibi mmoja amekaa barazani anashona kawandi, ile shuka nzito ya viraka vya sari kuukuu. Akanishika nywele. Akazigusa, akagusa za kwake, akarudi kwenye sindano yake hata neno hakusema. Mimi machozi.

Wale wa wilaya ya Uttara Kannada wameingizwa kwenye orodha ya ST mwaka 2003 tu, juzi hapo. Rafiki yangu alikuwa kasoma unesi kwa cheti hicho, mama yake kibarua wa mashamba ya mipopoo. Na 2020 wakapata mjumbe wa kwanza kwenye Baraza la Kutunga Sheria la jimbo, Shantaram Siddi, ingawa aliteuliwa, hakupigiwa kura. Kingine kilichonishangaza, Wasiddi wapo Wahindu, Waislamu na Wakristo na wote wanabaki ST. Lakini Dalit akibatizwa akawa Mkristo au akasilimu anatoka kwenye SC, amri ya 1950 inakubali Mhindu, Singasinga na Mbudha tu. Mwenye kujua sheria anieleze hapo.

——

Mwanasheria, alisoma Delhi:
Dada nimekuona. Jibu la serikali siku zote ni kwamba kutoguswa ni ugonjwa wa mfumo wa Kihindu, Uislamu na Ukristo havina kasti. Nenda kanisani kule Kusini uone makaburi yalivyotenganishwa kisha urudi uniambie. Kesi ziko Mahakama ya Juu miaka na miaka.

Niwape historia kidogo ila kwa haraka maana niko kazini. Katiba yao ilianza kutumika Januari 1950, mwenyekiti wa kamati ya kuiandika ni Dk Ambedkar, na yeye mwenyewe Dalit. Ibara ya 17 inafuta kutoguswa. Mwaka huo huo tu mama mmoja Mbrahmin, yaani wa tabaka la juu kabisa, akaenda mahakamani kupinga mgawanyo wa nafasi za vyuo vya Madras, akashinda mpaka Mahakama ya Juu 1951, na hukumu yenyewe inasema hata fomu ya kuomba chuo hakujaza, haha. Bunge likajibu mwaka huo huo wa 1951 kwa kurekebisha katiba kwa mara ya kwanza, ikazaliwa ibara ya 15(4), serikali ruksa kuweka utaratibu maalum kwa matabaka yaliyo nyuma kijamii na kielimu. Hayo maneno "kijamii na kielimu" yashikeni, kipato hakikutajwa, na ugomvi mwingi wa leo umetokea hapo.

OBC ndo waliokuja kwa moto. Ripoti ya tume ya Mandal, iliyopendekeza hizo 27 za OBC, ilikabidhiwa 1980 ikawekwa kabatini miaka kumi, waziri mkuu V. P. Singh akaitoa Agosti 1990, Delhi ikawaka, wanafunzi wakajimwagia mafuta ya taa wakajichoma. Wakili mmoja wa kike, Indra Sawhney, akaenda mahakamani, na 1992 majaji tisa wakasema 27 ya OBC ni halali ila jumla isizidi 50, na wenye nacho ndani ya OBC watolewe, wanawaita krimu, kama ile ya juu ya maziwa. Tangu 2017 mstari wa kipato cha wazazi ni rupia laki 8 kwa mwaka. Hiyo 10 ya maskini ya 2019 ikavuka 50 na mahakama ikaipitisha 2022 kwa majaji watatu kwa wawili. Kwa hiyo kikomo kipo lakini kina mlango.

——

Injinia wa Hyderabad:
Mimi naomba niwe mbaya wa uzi huu. Darasani kwetu alikuwepo jamaa anakuja na pikipiki ya Bullet mpya, baba yake afisa mkubwa wa serikali, kaingia kwa SC. Na rafiki yangu mwingine baba yake kuhani wa kihekalu kidogo, anakula mlo mmoja kwa siku, jioni anafundisha tuisheni watoto wa watu, huyo jenero, alama zake zimempita wa Bullet mbali sana na kozi aliyoitaka kaikosa. Hiyo krimu mnayosema haiwagusi SC na ST. Sasa haki iko wapi? Sisemi mfumo ufutwe, nasema mtoto wa afisa ampishe mtoto wa mfagia vyoo, wote Madalit.

——

Mwanasheria, alisoma Delhi:
Hilo hata majaji wamelisema mkuu. Agosti 2024, majaji saba, sita kwa mmoja, majimbo yakaruhusiwa kugawa SC mafungu madogo ili walio chini kabisa wasimezwe na wenzao, na wanne kati yao wakashauri krimu iangaliwe huko pia. Serikali ikasema haina mpango. Ila muulize huyo wa Bullet, akitafuta nyumba ya kupanga wanamuuliza pikipiki au wanamuuliza ubini wake, ule unaoonesha kasti?

——

Wa Chennai:
Aliyegusa nyumba kanikumbusha. Nilimpeleka mzee matibabu tukawa tunatafuta chumba cha mwezi. Dalali anasema "veji tu", mimi nikasema sawa nitakula dengu, kwani tatizo nini. Mpangaji mwenzangu Mtamil ndo akanifumbua macho kwamba hiyo ya mboga ni njia ya adabu ya kusema Dalit na Mwislamu wasije. Na hiyo Tamil Nadu ndo jimbo lenye asilimia 69 za rizavesheni, wamezikinga kwenye katiba tangu 1994! Ofisini mmejaa, kwenye kupanga nyumba bado.

——

Mleta uzi:
Injinia sikupingi sana. Hata rumeti wangu alikuwa anawasema hao wa Bullet kuliko unavyowasema wewe.

Ila kuna jambo nilikuwa sijalisema. Siku moja yule wa korido alipoanza tena hadithi ya kota, rumeti akamuuliza taratibu, "na huyu Mtanzania kafanya mtihani gani?" Kimya. Sikufanya mtihani wowote mimi wakuu. Niliingia kwa skolashipu ya serikali yao, nafasi za wageni zinawekwa nje ya hesabu ya kawaida, nimeleta matokeo yangu ya fomu siksi nikapokelewa na maua. Mwaka mzima hakuna aliyeniita wa kota. Niliona aibu siku ile, na wali wa mesi haukushuka.

Mwaka wa pili Aprili 14 akanichukua kwenye sikukuu ya kuzaliwa Ambedkar, mji mzima bendera za bluu, muziki mpaka kifua kinatetema, kila mtu "Jai Bhim", yaani ushindi kwa Bhim, ndo Ambedkar huyo. Tukapita na riksho karibu na jela ya Yerwada, akanionesha kwa kidole, akasema 1932 Gandhi alikuwa humo ndani anagoma kula, Ambedkar akabanwa mpaka akaacha madai ya Madalit kujichagulia wabunge wao wenyewe, wakapewa viti 148 vya kutengewa badala yake. Nikamuuliza ilikuwa dili nzuri au mbaya? Akasema babu yake mdogo alikuwa anasema mtu akikushikia maisha ya mtu mwingine mezani hiyo siyo dili.

——

Wa Mombasa:
Mie India sijafika lakini nimekulia mtaa wa Wahindi hapa hapa, kila jamaa na ukumbi wake, wa hawa wa wale, na harusi hawachanganyi ovyo. Utotoni nikidhani ni timu za kriketi.

——

Mleta uzi:
😂😂 timu za kriketi.

Apdeti: huu uzi umenifanya nimpigie rumeti jana usiku. Sasa ana duka la dawa mjini kwao. Mtoto wa kaka yake anaingia chuo mwaka huu na ameshaanza kukusanya karatasi za validity. Nikamuuliza vipi, mnarudi tena kwenye rejista ya Kiurdu? Akasema hapana, ndugu wa damu upande wa baba akishakuwa nayo wanaipokea, wanatumia ya kwangu. Nikasikia anamwambia mtu pembeni, lile faili la bluu, liko juu ya kabati, angalia usichane.