Magemu ya kadi kwenye simu: nina kadi za ziada na siruhusiwi kumpa mdogo wangu hata moja!

Wakuu, salaam. Mods, naomba msiunganishe uzi huu na ule wa "unacheza gemu gani sasa hivi". Hapa sisifii kitu, nalalamika.

Mdogo wangu kaanza kucheza gemu la kadi ninalocheza mimi. Silitaji, maana uzi utageuka ugomvi wa mashabiki. Kuna kadi moja anaihitaji ili fungu lake likamilike. Mimi ninayo, tena ya ziada, imekaa tu haina kazi. Tuko kochi moja, wifi moja. Nikatafuta pa kubonyeza ili nimtumie, hakuna. Gemu linaniambia kadi ya ziada naruhusiwa kuisaga nipate vumbi, yaani pointi za kutengenezea kadi nyingine. Vumbi! Yeye afungue pakiti, ambazo hujui ndani kuna kadi gani, mpaka bahati imwangukie, au atoe hela. Yaani mimi nilishalipa, yeye alipe tena, na yangu iteketezwe.

Najua kuna watakaosema kadi na kompyuta haviendani, raha ya kadi ni kuzishika. Sikubali. Kwenye kucheza kwenyewe kompyuta inaishinda meza mara nyingi tu. Kanuni kamili za Magic: The Gathering, gemu la kadi za karatasi, zina kurasa zaidi ya 200. Mezani mtabishana nani kajibu kwanza na athari ipi inatangulia. Kwenye Master Duel ya Konami, iliyotoka 2022, mashine inapanga yenyewe mnyororo wote wa Yu-Gi-Oh!, yaani kadi zinazojibiana moja juu ya nyingine, na haimpendelei mtu. Ni kweli inachosha kuulizwa kila hatua kama unataka kujibu, na kuna wapinzani wanaocheza zamu moja mpaka unaweza kwenda kuinjika chai. Ila mtu huyo hata mezani ungemngoja. Gemu la kadi la kompyuta, Hearthstone, mwaka 2014 walilimaliza hilo kwa kukata tu: zamu ya mwenzako huingilii kwa mkono, basi, na mechi ikaenea kwenye simu. Wakaongeza na vitu ambavyo karatasi haiwezi, kwa mfano kadi inayokuletea nyingine yoyote kutoka gemu zima, hata kama haimo kwenye fungu lako.

Tena tazameni Slay the Spire ya 2019 na Balatro ya 2024. Magemu ya kadi hayo, yameshika watu duniani kote. Unanunua mara moja, kadi zimo humo humo, unazifungua kwa kucheza. Kwa hiyo kadi kwenye skrini zinafanya kazi. Kinachoharibu ni duka.

Richard Garfield alipoitoa Magic mwaka 1993, pakiti zilikuwa za bahati tangu siku ya kwanza, siwezi kusema walikuwa malaika. Lakini bahati ile ilivumilika kwa sababu kadi usiyoitaka wewe kuna mtu anaitafuta, mnakaa mnabadilishana, kila mmoja anaondoka na fungu zuri. Wenye magemu ya simu wamechukua bahati nasibu wakaacha kubadilishana. Hesabu yake inatia hasira ukiiandika. Hearthstone: kutengeneza kadi ya daraja la juu kabisa ni vumbi 1,600, ukisaga ya daraja hilohilo unapewa 400. Nne kwa moja. Master Duel: kutengeneza kadi pointi 30, kuvunja kadi isiyong'aa ya daraja hilohilo unapata 10. Tatu kwa moja. Magic Arena, yaani Magic ya kwenye simu na kompyuta, ndiyo kabisa, hakuna kuvunja kadi moja moja, unasubiri kadi za turufu (unazobadilisha kuwa kadi yoyote ya daraja lake) wanazokupimia wao. Kuna rafiki yako yeyote angethubutu kukwambia "nipe nne nikupe moja"? Ni sawa na kuuziwa doti ya khanga halafu ukatazwe kuikata umgawie dada yako kipande.

Huku kwetu hizi kadi za karatasi dukani huzioni kirahisi. Wengi wetu tumezijulia kwenye simu, kwa bando letu. Hatuna mlango mwingine wa kuingilia, ndiyo maana hili linaniuma kuliko linavyomuuma mtu wa Marekani mwenye duka la kadi mtaani kwake.

Sasa Pokémon TCG Pocket, gemu la simu la kadi za Pokémon. Ilitoka Oktoba 2024, watu wakaahidiwa kubadilishana kunakuja. Januari 2025 kukaja. Na kulivyokuja! Kubadilisha kadi moja ya ex (aina ya kadi zenye nguvu) ya daraja la almasi nne ilidaiwa tokeni 500. Tokeni ukizitaka unachoma kadi zako, na ex ya daraja hilohilo ukiichoma unapata 125. Unachoma nne ili uruhusiwe kumpa mwenzako ya tano, na yeye akupe yake! Wachezaji walipiga kelele na walikuwa na haki. Ilichukua mpaka Julai 2025 ndipo tokeni zikaondolewa.

Sababu iliyotolewa ni akaunti bandia. Hii naikubali nusu. Kama pakiti ni bure kila siku, atatokea mjanja afungue akaunti mia azikamue zote ziingie kwenye moja. Sawa, wekeni kikomo: kadi chache kwa mwezi, kwa mtu mliyekuwa marafiki muda fulani. Akaunti bandia zinazuilika bila kunichomesha kadi.

Na hizo unazoziita zako, ni zako kweli? Desemba 2021 Arena walileta Alchemy, mtindo wa kucheza ambao kadi inabadilishwa nguvu ukiwa umelala. Januari 2025 wachezaji wa gemu la kadi la Marvel Snap Marekani walikuta gemu limezimwa kwa sababu mchapishaji wake alikuwa chini ya ByteDance, wenye TikTok, likaingia kwenye mkumbo wa TikTok kuzuiwa huko. Lilirudi baada ya siku chache, lakini kwa siku hizo mtu aliyetumia mamia ya dola hakuwa na kadi hata moja ya kushika.

NYONGEZA: Naona wachangiaji mmeshaleta gemu la kadi la Artifact, kwamba Valve, wenye duka la magemu la Steam, waliruhusu kadi kuuzwa na gemu likafa. Wakuu, hebu tukumbuke vizuri. Artifact ya Novemba 2018 ulilipa dola 20 kuingia, ukanunua pakiti, baadhi ya mashindano yakataka tiketi, na kila kadi iliyouzwa kwenye soko la Steam ilikatwa asilimia ya wenyewe. Hilo ni soko lenye ushuru kila mlango, halafu gemu lenyewe lilikuwa gumu, njia tatu za kupigania kwa wakati mmoja. Mwaka 2021 wakaacha kuliendeleza wakaliweka bure. Haikuwa habari ya mtu kumpa nduguye kadi.

Mbona hamuitaji Magic Online, ile Magic ya zamani ya kompyuta? Ipo tangu 2002. Sura yake inafanana na programu ya uhasibu, lakini kadi unampa mtu, unamwazima, unauza, na ukikusanya toleo zima kuna yale unayoweza kudai ukaletewa ya karatasi. Zaidi ya miaka 20, na kampuni iliyoitoa ni ileile iliyotoa Arena bila kitu hicho. Walikuwa wanajua namna ya kufanya. Waliamua kutofanya.

Kama kuna mtu humu anajua gemu la kadi la simu ambalo naweza kumtumia mdogo wangu kadi bila kuchoma nyingine, alitaje hapa, tunahamia leo usiku. Wa "si uache kucheza" naomba mpite kimya.