Alps kwa magari ya kasi: mwezi, njia, breki na makaratasi

MwendaPole
Wadau, tuko wanane hapa Nairobi. Tunapanga kukodi magari manne Munich (Porsche 911 mbili, Lamborghini Huracán moja, Ferrari 488 moja) na kuzunguka Austria, Italia na Uswisi kwa siku sita. Kwenye orodha kuna barabara za milimani za Grossglockner (Austria), Stelvio (Italia) na Furka (Uswisi), na tunawazia wiki ya kwanza ya Juni. Je, mwezi huo unafaa? Kilomita ngapi kwa siku? Na mteremko mrefu unashukwaje bila kuchoma breki? Kwamba kule ni kuzuri tumeshaambiwa vya kutosha.

KonaKali
Wiki ya kwanza ya Juni ni kamari. Grossglockner huwa wazi tangu Mei, lakini Furka na jirani zake za Uswisi, Grimsel na Susten, husubiri theluji iondolewe, na kuna miaka Juni inaingia zikiwa bado zimefungwa. Sogezeni hadi nusu ya kwanza ya Septemba, siku za katikati ya wiki. Julai na Agosti mtakuwa nyuma ya misafara ya nyumba za magurudumu. Stelvio nayo ina siku yake moja, mara nyingi mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba, ambapo magari hayaruhusiwi na barabara ni ya baiskeli tu. Angalieni tarehe kabla ya kulipia hoteli.

Kilomita 200 hadi 250 kwa siku zinatosha kabisa. Simu ikisema mwendo ni wa saa nne, wekeni sita. Isitoshe, mikataba mingi ya magari haya ina kikomo cha kilomita, na kila ya ziada inalipiwa.

Anzeni na Grossglockner: kilomita 48 za kulipia, pana, lami safi, mahali pazuri pa kuzoea usukani wa kushoto. Stelvio (mita 2,757) kwa maoni yangu jina limezidi utamu. Upande wa kijiji cha Prato una kona kali 48, kila moja na kibao cha namba, 48 ikiwa chini na 1 karibu na kilele, na barabara ni nyembamba. Ipandeni kabla ya saa mbili asubuhi, kisha mshukie njia ya Umbrail kuingia Uswisi. Utamu wenyewe uko kwenye mzunguko wa Andermatt, Furka, Grimsel, Susten na Wassen. Ni kama kilomita 120 tu, ila upeni siku nzima.

FundiGia
Tatizo la breki huanzia kwenye gia. Ukiacha gari kwenye otomatiki, litapanda gia ili kuokoa mafuta, na mzigo wote utabaki kwa breki. Weka manyuali kabla ya kuanza kushuka, gia ya pili au ya tatu, kama lori linavyotakiwa kushuka Mai Mahiu. Breki ikanyagwe kwa nguvu, muda mfupi, kabla ya kona, halafu iachiliwe. Kinachounguza ni kuikanyaga kidogo kidogo kilomita tano mfululizo.

Usidanganywe na diski za kaboni. Zenyewe zinavumilia joto, lakini oili ya breki ni ileile. Oili ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230, na ikishanyonya unyevu kiwango hicho kinashuka hadi 155. Ikichemka pedali inakuwa laini na inazama. Hapo punguza kwa gia na utambae taratibu ili upepo upoze diski. Ukisimama, usiendelee kubana pedali. Muulizeni mwenye gari oili ilibadilishwa lini. Akibabaika, chagueni jingine.

Klachi pacha (zile mbili za gia otomatiki za magari haya) nazo huteseka mnapopanda nyuma ya waendesha baiskeli. Usilizuie gari kwa akseleta mlimani. Simama kwa breki, acha nafasi ifunguke, ondoka mara moja.

Tairi za michezo hazishiki vizuri chini ya nyuzi 7, na asubuhi ya Septemba kileleni ni baridi kuliko hapo. Pima upepo tairi zikiwa baridi. Ukiongezeka baada ya kupanda, usiutoe.

Jambo moja kwetu tuliozoea kukaa kulia: ukikaa kushoto, gari linavutwa pole pole hadi ukingo wa kulia. Rimu za kulia ndizo huchubuka, na 488 ina upana wa karibu mita mbili bila vioo.

BiMakaratasi
Visa ya Schengen ombeni kwa nchi mtakayolala usiku mwingi zaidi. Zikilingana, ile mtakayoingia kwanza. Ada ni euro 90, bima ya safari isipungue euro 30,000, na maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla. Kibali cha kimataifa cha udereva kinatolewa na AA Kenya. Beba na leseni yako, kwa sababu peke yake hakitoshi.

Mkataba useme wazi nchi zinazoruhusiwa, majina ya madereva wote na kiasi mtakachobeba gari likigongwa. Amana hushikiliwa kwenye kadi ya mkopo, kwa hiyo ongeeni na benki mapema kuhusu kikomo. Pigeni picha kila rimu na sehemu ya chini ya bampa mnapochukua gari.

Uswisi msijaribu kukimbia. Kwenye barabara yenye kikomo cha kilomita 80 kwa saa, ukizidisha kwa 60 ni kosa la jinai na gari linaweza kutaifishwa. Vifaa vya kugundua rada ni marufuku.

MwendaPole
Asanteni sana. Septemba basi. Na msafara, tuongozane vipi?

KonaKali
Kila dereva awajibike kwa aliye nyuma yake: kwenye njia panda, usipomwona, unasubiri. Hivyo hakuna wa kukimbizana na gari la mbele. Redio za mkononi za kuwasiliana nunueni hukohuko, za aina ya PMR446, hazihitaji leseni.

Jazeni tangi kabla ya kupanda. Italia dizeli huitwa gasolio, msije mkadhani ni petroli; yenu ni benzina.

Na mkisikia honi ya sauti tatu Uswisi, ni basi la posta. Kwenye barabara zake za milimani lina haki ya kupita, na dereva wake akiashiria mrudi nyuma, rudini.