Tupeane uzoefu: chuku, gango na ukunga wa Pwani kabla ya hospitali za serikali

Mleta uzi: Wakuu, habari za majini na mizimu zimeshaandikwa sana. Hapa tukusanye kazi za mikono tu: ilifanywaje, kwa kifaa gani, na wapi ilikuwa ikiharibika.

Pembe_Nyeusi: Naanza na kuumika, yaani kufyonza damu kwa pembe. Chuku ni pembe ya ng'ombe au mbuzi. Mdomo mpana unasuguliwa kwa jani la msasa hadi ulale sawasawa juu ya ngozi, na ncha inatobolewa tundu dogo. Muumishi anatia nta ya nyuki kinywani ilainike, analowesha ngozi, anakalisha pembe na kufyonza hewa kwa ncha. Bila kuachia midomo, anaisukuma nta kwa ulimi izibe tundu. Nyama inaumuka ndani ya pembe kama andazi. Dakika chache baadaye anatoboa nta, pembe inaachia. Anachanja chale fupifupi kwa wembe na kuirudisha palepale. Damu ikishaganda ndani, basi.

Pembe ikidondoka usikimbilie kulaumu nta. Kagua mdomo wake: ufa mwembamba kama unywele unatosha kuingiza hewa. Na chale ni za juujuu, penye nyama ya bega au mgongo, si juu ya mshipa unaodunda.

Mjukuu_wa_Mrima: Ongeza hili: balaa la chuku ni kumpiga mgonjwa wa malaria. Malaria yenyewe inavunja chembe za damu. Funua kope ya chini. Ukiona ndani peupe, huyo hana damu ya kumwaga. Wembe mmoja kwa watu watatu nao ulipitisha homa ya ini zamani hizo hata UKIMWI haujasikika.

Fundi_Mabanzi: Gango sasa, yaani kufunga mfupa uliovunjika kwa mabanzi. Mabanzi ya mwanzi au ya upongoo wa mnazi yanachongwa kingo zisikate, yanafumwa kwa kamba kama kijamvi ili yazunguke mkono. Mmoja anashika juu ya mvunjiko, mwingine anavuta chini polepole, fundi anapapasa kwa vidole vilivyopakwa mafuta hadi mfupa ukae. Chini ya mabanzi weka sufi au kitambaa.

Kosa kubwa ni kukaza siku ya kwanza, wakati uvimbe bado unapanda. Bonyeza kucha: ikibaki nyeupe, au vidole vikiwa baridi na vina ganzi, legeza saa hiyohiyo, la sivyo nyama inaoza. Mfupa uliotoboa ngozi haufungwi gango. Uchafu unabaki ndani. Mkono huchukua wiki sita hivi, mguu mara mbili yake.

Mkaja: Ukunga: kitovu kilifungwa uzi na kukatwa kwa wembe. Kukata hakukuwa tatizo kama kile kilichopakwa baadaye. Majivu, masizi au kinyesi cha ng'ombe vinabeba pepopunda. Mtoto anazaliwa mzima, ananyonya vizuri, kisha ndani ya wiki mbili taya zinakaza na titi halishikiki. Wengi waliita degedege wakamtafuta mchawi.

Kwa mama kazi ilikuwa nzuri zaidi: kukandwa maji ya moto, uji wa pilipili manga, kufungwa mkaja (nguo ya kukazia tumbo), kupumzika arobaini.

Mizingani: Tusisahau matajiri wa Kihindi. Tharia Topan alianza kujenga zahanati yake Unguja mwaka 1887, jubilii ya Malkia Victoria. Ikamalizika 1894 yeye ameshafariki. Fedha za Sewa Haji Paroo ndizo zilizojenga hospitali ya Waafrika na Wahindi Dar es Salaam, mzizi wa Muhimbili ya leo.

Kijana_Tanga: Na malipo?

Fundi_Mabanzi: Kwa mganga wa mizizi kulikuwa na kiingia porini kabla hajang'oa hata jani.

Mleta uzi: Mkaja, nguo yenyewe inafungwaje?

Mkaja: Anzia chini, usawa wa nyonga, kisha panda nayo kwenda juu. Ukianzia juu unalisukuma tumbo lote chini, kwenye kizazi ambacho bado hakijarudi.