Mama ana ugonjwa sugu wa mapafu: atulie kitandani au atembee?

Binti wa Lushoto
Wanajamvi, naombeni msaada. Mama ana miaka 67, sigara hajawahi kushika, ila kuni amepikia tangu usichana wake. Mwaka jana walimpima kwa ile mashine ya kupuliza, akaambiwa njia za hewa zimesinyaa na hazitarudi kama zamani. Tangu hapo kaka amelifungia jembe lake stoo, hata kwa jirani haendi. Miezi minane sasa. Miguu imekuwa fito, na kwenda chooni tu anahema. Nikisema atembee, kaka ananiambia namuua. Nani yuko sahihi?

Mzee Kigamboni
Kaka yako ana akili. Baba yangu alikuwa na hali hiyo hiyo, akang'ang'ania kupanda mlima kwenda msibani, tukamrudisha kwa machela. Halafu mitungi ya gesi imejaa madukani, watoto mko mjini, mama bado anapuliza kuni. Mjiulize hilo kwanza.

Fizio Moro
Pole kwa mzee, ndugu yangu. Ila kupanda mlima siku moja si mazoezi. Mgonjwa anaogopa kuhema, anakaa. Akikaa misuli ya mapaja inanyauka. Ikishanyauka, kazi ileile inamtaka pumzi nyingi zaidi. Basi anazidi kukaa. Baadaye moyo, mifupa na mawazo navyo vinaingia kwenye foleni. Sisi wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, tunaanza kwa kumtembeza dakika 6 sehemu tambarare, tuone amefika wapi na oksijeni imeshuka kiasi gani. Kisha anafanya mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki, kwa wiki 6 hadi 8. Kule Copenhagen, Denmark, watafiti waliwafuatilia wagonjwa wa aina hii kwa miaka mingi, matokeo yakatoka 2006: waliokuwa wakitembea au kuendesha baiskeli hata saa 2 kwa wiki hawakulazwa wala kufa sana kama waliokaa.

Mama Tunu
Mzee Kigamboni, umeshawahi kupika maharage wewe? Mtungi wa kilo 6 kuujaza ni elfu ishirini na kitu, kuni zinaokotwa bure. Usiwageuze watoto wa watu wauaji wa mama yao!

Mzee Kigamboni
Sijamwita mtu muuaji. Serikali yenyewe imeweka lengo asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Nimekosea wapi?

Mama Tunu
Na hadi hiyo 2034 huyo mama avute nini?

Dereva wa Semi
Gesi tumeisikia. Mimi nina swali kwa Fizio: Copenhagen ni tambarare, Lushoto ukitoka mlangoni ni mlima. Mambo ya Wazungu hayo.

Fizio Moro
Hapo Kampala basi, hospitali ya Mulago. Walichukua watu waliopona TB wakabakiwa na makovu kwenye mapafu, wakawafanyisha mazoezi wiki 6, wakatembea mbali kuliko mwanzo. Nao ni Wazungu? Dada, mama atumie pampu yake ya dawa ya kuvuta kama alivyoandikiwa, atembee pale pale uani, atoe pumzi taratibu kama anayepoza uji, asimame akichoka. Makohozi yakibadilika rangi, kifua kikiuma au midomo ikigeuka bluu, asitembee: mpelekeni hospitali. Na kabla ya yote daktari wake amwone.

Mzee Kigamboni
Hayo ya pumzi baba hakuambiwa na mtu.

Binti wa Lushoto
Daktari wa wilaya ameruhusu. Jana jioni nilimshika mkono mama, tukafika kwenye mparachichi na kurudi, akisimama mara tatu. Kaka alikaa mlangoni na pampu mkononi, hakusema neno.

Mzee Kigamboni
Hongera, mwanangu. Na chakula cha jioni mmepikia nini?