Wema wa watu tusiowajua hapa Uganda: tupeane uzoefu

Habari zenu ndugu. Mtu akiibiwa simu Kampala, jioni mtaa mzima umeshajua. Akitendewa wema, anawasimulia watu wa nyumbani kwake, basi, yameisha. Naomba tuyaandike hapa hayo mema madogo ya njiani, ya sokoni, ya nyumbani. Ya kuchekesha nayo yaje.

Naanza mimi. Nilipanda taksi, zile basi ndogo za abiria, Kampala kwenda Mbale, mtoto mgongoni, mkononi mfuko wa matoke. Sijakaa vizuri, mama mmoja akanyosha mikono: "Leta huyo." Mtoto akapokezanwa kiti kwa kiti hadi akatua mapajani kwa mzee wa siti ya nyuma. Kufika Najjembe, kwenye msitu wa Mabira, wauzaji wakatuzingira madirishani na kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi tamu za kuchoma. Mzee akanunua gonja, akaniuliza, "Binti yangu, huyu ana meno?" Nikamwambia mawili. Hapo mjadala ukaanza! Konda akasema mawili yanatosha. Mwanamke wa mbele akakataa katakata, gonja inataka manne. Dereva akapunguza mwendo ili naye atoe maoni. Tumevuka Nile pale Jinja bado wanabishana, na mtoto kashakula nusu, mzee anamlainishia kwa vidole. Nililala hadi Iganga. Mama yeyote mwenye mtoto mchanga anajua usingizi ule ulivyo mtamu.

Mjukuu wa Bombo: Mwenye mada, umesema ya nyumbani yaje, basi hili ni la bibi yetu. Sisi ni Wanubi, na dada yake yuko Kibera, Nairobi. Tulipomnunulia simu ya video, mara ya kwanza dada alipopiga, bibi alipoona sura yake alikata. Tukashtuka. Kumbe ameenda kuoga na kuvaa gurbaba yake ya sikukuu, vazi la wanawake wa Kinubi. "Siwezi kuonana na mtu nikiwa hivi," akasema. Dada alipopiga tena, naye alikuwa ameshabadilisha nguo! Wakasalimiana mpaka chai ikapoa. Siku hizi kila Ijumaa hupambana kwa mavazi, na sisi wajukuu tunajipanga nyuma ya bibi tuonekane.

Dereva wa Malaba: Mimi ni mtu wa Mombasa, napita Uganda kwenda Juba. Safari moja foleni ya mpakani ilinikamata simu imezima na mfukoni sina hata shilingi. Mama ntilie wa upande wa Uganda akaniwekea posho, yaani ugali, na maharage. Nikamweleza hali yangu. Akanijibu, "Nimekuuliza pesa? Kula, utalipa ukirudi." Hakuandika popote. Niliporudi nikamlipa, na safari iliyofuata nikamletea halua ya kwetu. Akaifungua, akaitazama sana, akaniuliza inapakwa wapi.

Mwenye mada: Dereva, nimecheka hadi nimeamsha mtoto. Mama huyo Mungu amzidishie.

Fundi wa Gulu: Langu ni fupi. Mvua ilinikuta njiani, nikajibanza kwenye baraza ya watu nisiowajua. Wakatoka, wakaniingiza ndani, wakanipa kiti na chai, kisha wakaendelea na ugomvi wao wa kifamilia mbele yangu. Mwishowe wakataka niamue.

Baba wa Kawempe: Mke wangu alishikwa na uchungu usiku, mimi niko kazini mbali. Kijana wa bodaboda wa steji yetu akamchukua polepole hadi hospitali ya Kawempe, jirani nyuma yao kwenye pikipiki nyingine amebeba beseni na vifaa vya kujifungulia. Mimi nilidhani kijana angemshusha na kuondoka. Hakuondoka. Wauguzi wakamchukulia kuwa ndiye baba, wakawa wanamtuma: nenda kalete maji ya moto, nenda kanunue sabuni. Kila alichotumwa alikwenda, hakubisha hata mara moja. Nilipofika nikihema, nilimkuta mlangoni amekumbatia beseni, anamuuliza muuguzi, "Tumepata nini?" Tumepata msichana. Nauli aliikataa kabisa, akasema hawezi kumtoza mtoto siku yake ya kwanza duniani. Sasa binti anatembea, na kila tukipita stejini kijana anawasimamisha wenzake: "Jamani, msalimieni abiria wangu!"