Mjadala: Boti zetu za abiria, tuziunde Lamu au tuzilete?

Assalaam alaykum jamaa. Juzi nikingoja kuvuka Mokowe, kijana mmoja mwenye boti aliniambia: "Mzee, mambo ya kuunda yamepitwa. Nunua boti ya faiba, funga mashine, pakia watu." Simlaumu. Mwenye deni hawezi kungoja miezi chombo kikiwa juu ya magogo.

Lakini tuhesabu pesa zinakokwenda. Mashine hutoka nje, hapo hatuna la kufanya. Kinachobaki ni bodi, yaani mwili wa boti. Bodi ikiundwa Matondoni, kijiji chetu cha waunda vyombo, hula fundi, hula mpasua mbao, hula mtia kalafati (pamba ya kuziba nyufa za mbao), muuza misumari, na mama anayewapikia. Tena si mara moja: chombo cha mbao hupandishwa pwani, kikatiwa kalafati upya, kikapakwa deheni (mafuta ya kuhifadhi mbao), na kila safari hiyo kuna mtu analipwa. Bodi ikiletwa tayari, fedha yote huvuka maji siku moja.

Wanaosema haya ni mapenzi ya kale watazame bara. Matatu nyingi Kenya huanza na chesisi tupu, bodi ikachomelewa na mafundi wa humu nchini. Mabasi ya umeme ya BasiGo yanaunganishwa Thika. Sijasikia mtu akiwaambia hao wamepitwa na wakati.

Ugumu wa kweli ni mbao, na hapa upande wa pili una haki. Mbambakofi, mbao ngumu ya kuundia vyombo, imekuwa adimu. Serikali iliposimamisha ukataji miti mwaka 2018, wakata mikoko wetu waliumia sana, na misitu yenyewe haiwezi kubeba kila chombo tunachotaka. Basi si lazima iwe mbao! Flipflopi, chombo cha tanga, iliundwa papa hapa Lamu kwa taka za plastiki na ndala zilizookotwa ufuoni, na mwaka 2019 ikasafiri hadi Zanzibar. Ilikuwa kazi ya mafundi waliolelewa kwenye mbao. Hao hao wakipewa kalibu (umbo la kumiminia faiba) na mafunzo, wataunda faiba pia.

Pendekezo langu: boti yoyote ya abiria inayonunuliwa kwa pesa za umma, iwe ya wanafunzi au ya wagonjwa kutoka Faza na Kizingitini, iundwe ndani ya kaunti hii.

Wenye boti za faiba, tuambieni: bodi mlinunua wapi, na ilipopasuka ni nani aliyeitengeneza?